Mstari wa Magloire

Jumanne moja ya Mei 2013, saa nne asubuhi, Marie-Claire alikuwa mbele ya kompyuta ya nne katika chumba cha mabati cha mafunzo, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akitafuta kosa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kiendelezi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kubwa. Ofisi moja ya Lodwar ilikuwa na orodha ya familia za wakimbizi, imepangwa kwa programu ya mihtasari: kila mkuu wa familia na mstari wake, na watu wake chini yake, hatua moja ndani. Waandishi wa programu wa ofisi hiyo walikuwa wamechoka kuruka kutoka programu hii kwenda ile. Walitaka orodha ionekane humo humo kwenye kihariri, dirisha wanamoandikia programu zao, na mtu aweze kushika mstari na kuuhamisha. Sasa kila ukihamisha mstari, unaruka hatua mbili. Kwa ajili ya hilo Marie-Claire alikuwa hajala tangu jana.

Kwa majaribio alikuwa ameandika orodha ya mtaa wake mwenyewe. Alipolipata kosa na kulirekebisha, alishika mstari wa punda wa Akiru, mama wa Kiturkana aliyewaletea makaa, akauweka chini ya kanisa. Saa sita Akiru alisimama mlangoni.

"Ejok," akasalimu kwa Kiturkana. "Punda yangu iko kwa kanisa. Imekataa kutoka."

"Ngoja kidogo, mama." Marie-Claire akaifunga orodha bila kuhifadhi, na punda akarudi kwa mwenyewe. Aliandika kwenye daftari: inahamisha vizuri, usipohifadhi, kila kitu hurudi kilipokuwa. Siku hiyo alikula vizuri.

Hofu ilianza Alhamisi, Lodwar walipomtumia orodha ya kweli. Hiyo aliruhusiwa kuifungua na kuhamisha mistari kwenye skrini, lakini kuhifadhi ilikuwa haki ya Lodwar peke yao. Akaifungua. Nyumbani, mume wake Magloire alikuwa ananyoa ndevu. Aliweka wembe chini, akavuka uwanja na povu kidevuni, akaingia nyumba ya jirani yao Jessica na kuketi. Jessica akapiga simu.

"Dada, mume wako iko hapa kwangu. Anasema hapa ndiyo kwake."

Marie-Claire hakuuliza kwa nini; aliifunga orodha, na Magloire akarudi nyumbani. Mwaka 2009 walishuka lori moja na Jessica, Mrundi aliyefiwa na mume njiani. Mvua ilikuwa inanyesha, Jessica ana watoto wawili wadogo, na Magloire, mtu asiyeweza kuona mzigo akaupita, akampokea mmoja. Karani akaona mwanamume amebeba mtoto, akaandika baba. Marie-Claire akaandikwa peke yake. Tangu hapo alikuwa amepeleka malalamiko mara kumi na moja, na mara kumi na moja akaambiwa arudi Jumatatu.

Miaka yote minne lilikuwa jambo la karatasi tu. Magloire alilala kwake, akachota maji, akaimba besi kanisani. Lakini sasa familia ya Jessica ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa wanaosafiri: watu wanne, wanahamia nchi ya baridi mwezi wa kumi. Na kiendelezi kikishawekwa Lodwar, kwenye mashine isiyozimwa usiku wala mchana, Magloire hatarudi hata kumalizia ndevu.

Angeweza kulirudisha lile kosa la hatua mbili. Lakini wangempa kazi mtu mwingine, na mwingine angelirekebisha. Tena aliona jambo moja lililomfanya asilale: Lodwar wakikubali kuhifadhi mstari mmoja tu, wa Magloire chini ya wake, yamekwisha.

Juni alipata kibali cha kutoka kambini siku tatu, akaenda Lodwar. Mtunza orodha wa Lodwar aliitwa Levis, mtu wa Bungoma, mpole, aliyemgeuzia feni na kumpa soda. Alikijaribu kiendelezi nusu saa nzima.

"Hii ni kazi safi, madam," akasema.

Ndipo Marie-Claire akamweleza. Levis aliusoma mstari wa Magloire mara mbili, akajikuna shingo.

"Kubadilisha familia kuna fomu. Inasainiwa na baba wa familia."

"Atasaini hata leo."

"Baba wa familia ya Jessica ni Magloire. Sasa Magloire akiandika kwamba yeye si baba, basi fomu imesainiwa na mtu ambaye si baba. Siwezi kuipokea."

"Na Jessica mwenyewe akisema?"

"Akimtoa, familia imebadilika. Anaanza upya, kama ameshuka kwa lori jana."

"Bwana Levis, huyu ni mume wangu wa kanisa."

"Sikatai, madam. Hata mimi naona. Lakini hapa hayuko kwako."

Alikiweka kiendelezi kwenye mashine yao kabla Marie-Claire hajamaliza soda. Aliporudi Kakuma, nguo za Magloire hazikuwa tena kwenye kamba.

Ikabaki saa moja tu kila siku. Kuanzia saa saba hadi saa nane mchana, wenzake wakienda kula, kompyuta ya nne ilikuwa yake. Aliifungua orodha, akauhamisha mstari wa Magloire chini ya wake, akauacha hivyo bila kuhifadhi, na Magloire akavuka uwanja. Walikula ugali na samaki mkavu kwenye benchi. Saa nane mtu mwingine aliitaka mashine.

"Niko naenda, bibi yangu," Magloire alisema.

"Enda."

Roho ya Marie-Claire ilikuwa juu juu kutoka asubuhi hadi saa saba. Mara mbili mtandao uligoma, na mara zote mbili alilia hapo hapo mbele ya watu. Jessica alimwambia, "Dada, analala chumba cha nje na watoto." Marie-Claire alimwamini, na bado ilimchoma.

Ndege iliondoka Jumatano ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi. Hakwenda kuaga. Saa saba aliuhamisha mstari, na Magloire akaingia na mfuko mweupe wa karatasi zake shingoni, akasema uwanja wa ndege wa Nairobi una foleni mbaya. Wiki iliyofuata alikuja na koti. Desemba alikuja na theluji kwenye buti, na mama wa usafi akampa kitambaa afute sakafu. Kule kulikuwa hakujapambazuka. Alifanya kazi usiku katika kiwanda cha kuku, akaja na kofia nyeupe ya kazini na usingizi machoni.

"Kule wananiita mume wa Jessica," alisema.

"Na wewe unaitika?"

"Naitika, Marie. Nifanye nini?"

Tarehe kumi na sita ikaja barua pepe ya Levis. Alimshukuru sana. Kiendelezi kilikuwa kimependwa, na mkataba wake ungeongezwa. Tatizo dogo tu: kila siku saa saba kuna mstari unahama, unakaa saa moja, unarudi. Bila shaka kuna mtu anaacha orodha wazi. Alimwomba atengeneze orodha ijifunge yenyewe baada ya dakika tano, kufikia Ijumaa. Kama ana shughuli nyingi, kazi wangempa mtu mwingine, pamoja na kompyuta.

Marie-Claire alijibu: sawa. Akaiandika, akaipima kwa saa ya simu mara tatu. Dakika tano kamili, na haikuwa na kosa.

Ijumaa alimtoa samaki miiba mapema, akamega ugali tayari, akamimina maji. Ndipo akauhamisha mstari. Magloire aliingia, akainama kufuta buti.

"Ziache," akamwambia. "Kaa. Kula haraka."