Poda ya Baba Ineza

Kwa miaka mingi mama mkwe wangu Marthe alihudhuria furaha za watu na kurudi nyumbani na shingo nyeupe. Kwao Kivu ya Kusini, kule Kongo, mtoto akizaliwa wanawake humwagiana poda, shingoni, kifuani, mpaka kwenye nywele, na ukikutana njiani na mama mwenye shingo nyeupe huna haja ya kuuliza habari. Hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, hawakuiacha mila hiyo. Marthe alimwagiwa poda za wajukuu wa majirani, za wajukuu wa wenzake wa kanisani, hata za wajukuu wa watu aliogombana nao kwenye foleni ya maji. Za wajukuu wake hazikuja. Mimi na mwanawe Bienvenu tulikaa mwaka baada ya mwaka bila mtoto, naye hakunisema hata siku moja. Mimi ni Mrundi mwenye maneno mengi. Ningekuwa yeye, ningesema.

Kwa hiyo Ineza alipozaliwa, nani angethubutu kumwambia Marthe kwamba sasa inatosha? Kwa kawaida poda humwagwa mtoto anapotolewa hospitali, ikaisha. Marthe alitunga sheria yake mwenyewe: kila mara baba wa mtoto anaporudi nyumbani, poda imwagwe. Na Bienvenu hurudi kila Jumamosi, kwa sababu anaendesha bodaboda mjini Mbarara na kulala Kakoba, kwenye chumba alichopanga na wenzake. Kila mara alikuja na kopo jipya ndani ya jaketi, poda ya waridi ambayo harufu yake ilitangulia kufika. Mama yake alimsubiri uani na Pascaline, jirani yetu, pamoja na wanawake wengine wa mtaa. Waliimba, wakammwagia yeye, wakanimwagia mimi, wakajimwagia wenyewe. Kisha kila mmoja akambeba mtoto kwa zamu na kumbana shingoni kwake. Nilipenda sana. Nilikuwa nikijikung'uta poda huku nacheka peke yangu.

Ngozi ya mtoto ndiyo iliyonikatisha kicheko. Kiangazi cha mwaka huu kilikuwa kikali, vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, na mwanzoni nililaumu vumbi. Mashavu ya Ineza yalikauka, kisha nyuma ya magoti, kisha mikunjo ya shingo ikawa myekundu. Kichwani pakatokea magamba ya njano yaliyoshikana na nywele, naye akawa anasugua kichwa kwenye mkono wangu kwa kuwashwa. Marthe alimwogesha asubuhi na jioni kwa maji ya moto na sabuni ya mche, akimsugua kwa bidii na kuyabandua yale magamba kwa ukucha, kwa sababu kwake mtoto aliyetakata ni mtoto aliyependwa.

Katikati ya juma mtoto alipata nafuu kidogo. Lakini kila Jumamosi, Bienvenu akimpokea tu, alianza kujinyonganyonga na kulia mpaka sauti ikakwama, na asubuhi ya Jumapili shingo ilikuwa imewaka. Bienvenu alikuwa akimrudisha kwangu upesi kabla sijanyoosha mikono, halafu akabaki anatazama viganja vyake. Akiondoka, baada ya siku chache mtoto anacheka tena.

Pascaline ndiye aliyelisema. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amekaa mlangoni kwetu anachambua maharage.

"Uyu mwana anamukataa baba yake," alisema. "Kule kwetu niliona vile mara mingi."

Alieleza kwamba kuna watoto ambao damu yao haipatani na ya baba, na dawa yake ni baba akae mbali mpaka mtoto atembee. Nilimwambia maharage yake yamejaa mawe, ayatazame hayo na kumwacha mtoto wangu. Lakini Bienvenu alikuwa nyuma ya nyumba anafuta pikipiki, na alisikia kila neno.

Tangu siku ile alianza kujitenga. Kwanza aliacha kumbeba. Akawa anakaa upande wa pili wa uwanja na kumpungia mtoto mkono, kama mgeni. Kisha Jumamosi moja hakuja. Alituma ujumbe kwamba abiria ni wengi. Jumamosi iliyofuata tukaambiwa mnyororo wa pikipiki umekatika. Na shingo ya Ineza, katika majuma hayo, ikapona. Nilipoiona ile shingo safi nilikasirika mpaka nikalia, maana ilikuwa inampa Pascaline haki. Magamba ya kichwani yalikuwa bado yapo, lakini shingo ilikuwa safi, na mume wangu hayupo. Nilitaka vyote viwili, ngozi ya mtoto na baba wa mtoto, na nikaona sitakaa kimya nipoteze kimojawapo.

Nilimwambia Marthe nampeleka mtoto Mbarara akaonwe kichwa. Sikusema kwamba nakwenda pia kumfuata mwanawe. Hakuniuliza. Alinifungia viazi vitamu na dagaa wa kukaanga kwenye bakuli lenye mfuniko, chakula cha mtu mzima mwenye njaa, na mtu huyo sikuwa mimi.

Nilimkuta Bienvenu kwenye kituo cha bodaboda Kakoba, amekaa juu ya pikipiki yake anapiga soga. Mnyororo ulikuwa mzima kabisa. Alipotuona aliruka chini, akaja mbio, uso wote umefunguka, halafu akasimama kabla hajatufikia. Mikono akaiweka nyuma. Alisema mtoto amenenepa. Nikamwambia ampokee. Akasema ana vumbi, ana grisi, siku nyingine. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, lakini nilimwona anavyomtazama Ineza, nikayameza. Alituchukua kwa pikipiki mpaka kwenye zahanati ndogo upande wa Ruharo, na kabla hatujaondoka aliniomba mtoto nimfunge mgongoni, ili asije akamgusa.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Mbabazi, Mnyankole mwenye sauti ya taratibu. Alimfungua Ineza, akampitishia kidole kichwani bila kukwaruza, akatazama magoti, akatazama shingo. Aliposhika kitenge nilichombebea alipiga chafya. Aliuliza tunamwogesha vipi, nikamweleza. Aliuliza ni wakati gani hali inazidi, na hapo nikamgeukia mume wangu. Bienvenu alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Ni siku ile niko nyumbani," alisema. "Mwana ananikataa, dada."

Mbabazi hakucheka. Akaniuliza mimi kwetu hufanyika nini siku baba akirudi. Nikamweleza habari ya poda. Ilibidi nirudie, kwa sababu kwao hawafanyi hivyo na alidhani tunampaka mtoto. Nikasema hapana, tunapakwa sisi. Akauliza baada ya hapo nani anambeba. Nikasema wote, shingoni, mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza ni baba yake. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nilikiinua kile kitenge, nikakinusa.

"Mtoto hii hapana kataa baba yake," Mbabazi alisema. "Ngozi yake ndiyo nakataa hii manukato. Nyinyi nasikia harufu nzuri, yeye nasikia moto."

Bienvenu alimwomba arudie ile sehemu ya kwanza. Mbabazi akairudia polepole, kisha akatueleza namna ya kumtunza. Aoge mara moja kwa siku, haraka, kwa maji ya uvuguvugu tu na sabuni kidogo isiyo na harufu. Akitoka majini asisuguliwe, akaushwe kwa kuguswaguswa na kitambaa laini, na ngozi ikiwa bado na unyevu apakwe mafuta ya mgando yasiyotiwa chochote. Kichwani tuyalainishe magamba kwa mafuta hayo hayo, tusubiri, tupitishe brashi laini, ndipo tuoshe, na kucha zikae mbali. Poda ikome, hata kwetu sisi wakubwa. Ngozi ikianza kutoa maji au mtoto akipata homa, tumrudishe bila kungoja.

Nje nilimkuta mume wangu anafuta kiti cha pikipiki ambacho kilikuwa safi.

"Nilikuwa nachagula ile ya harufu mingi, Mama Ineza," alisema. "Kila mara nilikuwa nanusa zote mu duka."

Nikamwambia najua. Nikamwondolea kitambaa mkononi, nikapanda.

Njiani kurudi Nakivale tulibishana juu ya nani atamwambia Marthe. Nilisema ni mama yako. Yeye akasema wewe ndiye mwenye mdomo. Kufika mtaani bado tulikuwa hatujakubaliana, na Marthe anaijua sauti ya ile pikipiki kuliko anavyojua kengele ya kanisa. Alikuwa tayari uani. Alikuwa ameweka akiba ya poda tangu ile Jumamosi ya kwanza mwanawe alipokosa kuja, na shingo yake ilikuwa nyeupe tayari. Pascaline na wenzake walishaanza wimbo. Marthe alikuja mbio kwa miguu yake ile inayouma, kopo juu, machozi yanamtoka kwa furaha.

Bienvenu alizima pikipiki, akamshika mama yake mkono kwa upole kabla kopo halijamiminwa.

"Mama, leo ngoja kwanza," alisema.

Akamweleza yote pale pale, wote wakisikia. Wimbo ulikatika. Pascaline alitazama chini. Marthe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Ineza mgongoni kwangu, lakini hakusogea.

"Basi ni miye nilikuwa namuunguza uyu mwana," alisema.

Nilikuwa nimeandaa maneno safari nzima: juu ya maji ya moto, juu ya ukucha kichwani, na kadhaa juu ya kutunga sheria kwenye nyumba ya watu. Yote yalinitoka. Nilimwona tu yule mama aliyesubiri pamoja nami miaka yote ile bila kuninung'unikia, na nilimpenda. Nilimwambia si wewe, Mama, ni poda, na hakuna kati yetu aliyejua. Alifunika kopo, akampa Pascaline akaliweke kwake, akaingia bafuni nyuma ya nyumba. Tulisikia maji yanamwagika kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa amefunga kitenge kilichoanuliwa wakati huo kwenye kamba, nywele zimelowa, na shingo ameisugua mpaka imekuwa nyekundu kama ya mjukuu wake.

Alileta beseni. Akaniuliza muuguzi anataka maji yawe vipi. Marthe kuniuliza mimi habari ya maji ya mtoto, sikuwahi kuota. Niliongeza maji ya baridi mpaka yakawa ya uvuguvugu, naye akamwogesha Ineza upesi, na niliona anavyoizuia mikono yake isisugue. Alimkausha kwa kumgusagusa, akamlaza juu ya shuka mapajani. Mafuta tuliyonunua Mbarara hakuyafungua.

"Bienvenu, kuya," alisema.

Bienvenu alisogea kidogo tu. Alisema amenawa, lakini mikono yake ina sugu, itamkwaruza.

"Baba yako alikuwa na mikono ya jembe," Marthe alimwambia, "na weye ulikuwa unalala mu ile mikono. Kuya umupake mutoto wako."

Alipiga magoti mbele ya mama yake. Alichota mafuta, akayasugua viganjani mpaka yakayeyuka, akaanza na mguu mmoja, kwa woga, akinitazama kila mara. Akapanda mpaka gotini na nyuma yake. Tumbo. Makwapa. Kwenye mikunjo ya shingo alitumia kidole kimoja, akiwa amezuia pumzi. Kichwani alipaka kwa ncha za vidole, akisubiri magamba yalainike huku akimnong'oneza kitu ambacho sikukisikia na sikupaswa kukisikia. Wanawake wote walisimama wakingojea kile kilio cha kila Jumamosi. Ineza alimtazama baba yake kidevuni, kwa makini. Kisha akapiga miayo.

Bienvenu alimnyanyua, akamweka begani, shingo ya mtoto kwenye shingo yake. Mtoto akatulia.

Hapo Marthe alishindwa kuvumilia. Poda hakuwa nayo, na ile furaha ilikuwa lazima aitoe kwa njia fulani, basi akapiga kigelegele pale pale, karibu na sikio la mjukuu. Pascaline akakipokea, na wengine wakafuata. Ineza alishtuka mwili mzima, akafungua mdomo, akalia kwa nguvu zake zote.

Nilinyoosha mikono kumpokea, kwa mazoea. Bienvenu aligeuza bega.

"Acha alie," alisema. "Ni makelele yenu imemushitusha. Hanikatae."

Akaanza kuzunguka naye uani, polepole, mtoto anapiga mayowe sikioni mwake, naye anamgongagonga mgongo kwa kile kiganja chenye mafuta na kumwambia lia, mama, lia, niko hapa. Nikashusha mikono yangu.