Tundu la Ekzosi ya Mzee Shikanga

Baba alikuwa na skuta ya kijivu, na skuta hiyo ilikuwa na tundu kwenye ekzosi. Naanzia hapo kwa sababu tundu hilo limeniudhi miaka kumi na miwili.

Alikuwa daktari wa ng'ombe. Malinya nzima ilimjua kwa sauti kabla ya sura: pa-pa-pa-pa, kisha kikohozi kimoja kikubwa kila alipopunguza mwendo. Mama akiisikia inapanda kutoka mtoni, anateleka maji ya obusuma, ugali wetu. Sisi watoto tunaacha kupigana na kukimbilia kunawa mikono. Siku hizi kwenye gereji yangu kule Shirere nasikia pikipiki za wanafunzi kutwa nzima, na hakuna hata moja inayonikumbusha njaa.

Nilipohitimu ufundi katika chuo cha Sigalagala nilimwahidi Baba zawadi: nitaliziba lile tundu. Akakataa. "Mama, hiyo iache," akaniambia, kama alivyozoea kuniita. Mwaka uliofuata nikaomba tena, akakataa tena. Breki alinipa, magurudumu alinipa, lakini ekzosi alikuwa akiifunika mwenyewe kwa kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia na kukikaza kwa waya. Na waya ukilegea naye hana nafasi, anamwita kaka yangu Mark, mtu asiyejua spana na kijiko! Majirani wakanicheka, eti mganga hajigangi. Niliumia sana. Nilijiambia kwamba mzee haamini mkono wa binti.

Tulimzika mwezi uliopita. Kwetu mzee mwenye fahali haagwi kwa maombi peke yake. Huja siku ya shilembe, fahali wa ukoo huletwa nyumbani kwa ngoma za isukuti, na fahali wake mwenyewe ndiye hutangulia kulizunguka kaburi. Shilembe ya Baba ilipangwa Jumamosi. Fahali wake, Tingatinga, alikuwa bandani tangu mazishi, uso ameuelekeza ukutani. Tulimvuta kwa kamba, tukamwonjesha chumvi, tukampigia ngoma. Wapi! Mark akasema asipotoka kufikia Ijumaa asubuhi atamwita mchinjaji, maana fahali anayemkataa bwana wake mbele ya ukoo mzima ni aibu isiyofutika. Mama akainuka. Aliingia ndani akafunga mlango.

Ijumaa alfajiri Willis, anayemlisha Tingatinga, alinijia akikuna kichwa.

"Dada Awinja, mzee hakuwanga anamvuta na kamba. Alikuwanga anawasha tu pikipiki, anatangulia, na huyu anamfuata nyuma mpaka kwa uwanja ya fahali kupigana."

Nikaitoa skuta stoo. Iliwaka, ikakohoa, ikazima. Injini hizi za zamani, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, hujaza masizi kwenye ekzosi. Ikishindwa kutoa moshi haiwezi kuvuta pumzi. Nikailaza ubavu juu ya gunia pale uani. Nati moja ilikuwa imeshikwa na kutu, nikaitia oili na kuisubiri kwa kikombe cha chai. Ekzosi ilipotoka niliiweka juu ya moto wa magunzi hadi masizi ya ndani yakashika moto yenyewe. Ilipopoa nikaigonga kwa ubao, nikapitisha waya wa breki ya baiskeli ambao nilikuwa nimeuchambua ncha. Masizi yakajaa bakuli. Yalinuka kama koti la Baba. Niliketi chini nikalia, spana mkononi.

Kazi ingeweza kuishia hapo. Lakini lile tundu lilikuwa likinitazama, na mzee hayupo wa kunikataza. Nikakitupa kile kipande cha mkebe, nikachukua mashine ya kuchomelea niliyokuja nayo kutoka gereji, nikaweka kiraka safi ambacho hata mwalimu wangu angekipigia saluti. Nikairudisha, nikapiga kiki. Skuta ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Umeona, Baba?" nikasema kwa sauti.

Nikaizungusha mbele ya banda mara tatu. Tingatinga hakutikisa hata sikio. Mark alisimama kando, akatoa simu mfukoni akaanza kutafuta namba ya mchinjaji.

Mama akatoka jikoni. "Nani amewasha hiyo kitu?"

"Ni mimi, Mama. Skuta ya Baba."

"Hiyo si ya baba yako. Mimi nimekaa hapa jikoni, sijasikia mtu akikuja nyumbani."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwomba Mark anipe nusu saa. Nikachukua tindo na nyundo, nikakivunja kiraka changu mwenyewe, na nawaambia kweli, hakuna pigo lililonigharimu kama hayo. Mama alikiokota kile kipande cha mkebe kwenye takataka, akakipangusa kwa leso, akasimama juu yangu.

"Zungusha waya mara tatu. Ukizungusha ya nne, haikohoi."

Nikapiga kiki. Pa-pa-pa-pa. Nikapunguza mafuta, ikakohoa.

Ndani ya banda kitu kizito kiligeuka. Tingatinga alitoka polepole, akampita Mark na simu yake, akaja hadi kwenye skuta. Akanusa kiti. Akaninusa mgongo, akapuliza pumzi ya moto shingoni mwangu. Alijua mimi si Baba. Nilidhani atarudi ukutani. Nikaachia klachi kidogo kidogo, naye akanyanyua mguu, akafuata. Tulilizunguka kaburi la Baba, mimi nikilia mbele, yeye akitembea nyuma, na Mark akairudisha simu mfukoni.

Tuliporudi moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mama alikuwa ameteleka maji ya obusuma, saa nne asubuhi.

"Ni mazoea," akasema kwa aibu, akanimiminia maji ya kunawa.

"Mama, mbona Baba hakuniambia tu kwamba ni kwa ajili ya fahali?"

"Ulikuwa umetoka shule na cheti chako. Angekuambia anataka kitu ibaki mbovu sababu ya ng'ombe, ungemcheka."

"Lakini Mark alimruhusu kuishika!"

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Baba yako alisema, Mark nitampa, hata akishika siku nzima itabaki vile vile. Awinja hapana. Awinja akiishika, itapona."

Nilisugua mikono muda mrefu, masizi hayakutoka yote. Nikaketi nikala.