Mkono wa Yosuto

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu wetu alikuja, mwenyeji nikakonda! Merikebu yake ilipasuka kwenye miamba ya Ushima, akatoka majini na ndevu nyekundu na mdomo usiojua hata kuomba maji. Sasa ni mkwe wangu: Yosuto, fundi wa merikebu, mume wa Oren, mtoto wangu wa pekee. Alimjengea Bwana Isobe, mtawala wetu, merikebu ya mizinga, na Bwana akampa upanga mrefu, kitu ambacho sisi watu wa pwani hatugusi. Siku ile Bwana mwenyewe alikuwa anakuja kwetu kunywa chai. Akiridhika, Yosuto angekuwa mshauri wake. Akiudhika, tungekatwa vichwa nyumba nzima, Oren naye.

Tangu alfajiri nilikuwa namfundisha Yosuto kukaa mbele ya Bwana.

"Magoti, wee! Magoti!" nilimfokea. "Umekaa kama chura aliyeshiba."

"Mama, miguu imekufa."

"Ife! Afadhali miguu kuliko sisi. Upanga unauweka wapi?"

"Chini, kulia kwangu."

"Kwa nini?"

"Ili Bwana aone siwezi kuuchomoa upesi."

"Na ukiuweka kushoto?"

"Nimekuja kuua mtu."

Oren alicheka huku akipanguza vikombe. Mie sikuona cha kuchekesha.

Bwana alifika na walinzi wake, pamoja na mzee Kuwano, mshauri aliyekuwa akikitaka cheo alichokingoja Yosuto kwa ajili ya mpwa wake. Niliandaa chai mwenyewe. Yosuto akapiga magoti vizuri, akainama vizuri, akalaza upanga kulia. Nikashusha pumzi.

Kuwano akaweka kikombe chini. "Bwana mkubwa, hebu muulize fundi wetu, randa huishika kwa mkono gani?"

Loo! Kushoto! Miaka yote namwona akila kwa kushoto, akipiga nyundo kwa kushoto, na sikuwaza! Kwetu mtoto akishika kijiti cha kulia wali kwa kushoto anachapwa kofi mpaka aache. Mtu mzima wa hivyo hatuna, basi nani angefikiri? Upanga ule nilimfundisha mimi kuuweka pale pale mkono wake unapoufikia. Walinzi walishaanza kushika mipini ya panga zao.

"Ni kweli?" Bwana aliuliza.

Yosuto alinitazama.

"Kweli, Bwana mkubwa." Akausukuma upanga kwa mikono miwili, mpini ukimwelekea Bwana. "Basi kaa nao wewe." Akainama, shingo wazi.

Bwana akauchukua, akauchomoa kidogo, akautazama, kisha akaitazama ile shingo. Roho yangu ilikuwa mkononi. Mara akacheka.

"Kuwano, unaichunguza mikono ya watu kuliko unavyochunguza maadui zangu." Akamrudishia Yosuto upanga. "Huyu ndiye mshauri wangu wa mambo ya bahari. Atakaa karibu nami, na upanga auweke anakotaka."

Kuwano akameza mate. Mimi nusura nipige kigelegele.

"Ila mkono wake sijauzoea," Bwana aliendelea, akimalizia chai yake taratibu, "na mimi napenda kulala usingizi mzuri. Mkewe atahamia ngomeni leo hii. Tutamtunza."

Kila aliyezaliwa kwetu anajua maana yake. Mke anayetunzwa ngomeni ni shingo iliyowekwa rehani: mume akikosea, anakatwa mke. Oren alitoka nyuma ya pazia, uso umempauka, akapiga magoti.

Yosuto, maskini, alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Mama, umesikia? Ngomeni! Oren atakaa ngomeni!"

"Nimesikia, mwanangu."

Watu wote walikuwa wananingoja. Nikabandika paji la uso kwenye mkeka, nikamshukuru Bwana kwa heshima aliyotupa.