Ngazi Iliyomshika Marehemu

Hakukuwa na fundi wa pampu za mabwawa ya kuogelea aliyemshinda Fundi Kipimo, upande wa juu wa mji wala upande wa chini. Wenye mabwawa wote walimwita yeye. Ni kweli kwamba wenye mabwawa walikuwa wanne, na kwamba fundi wa pili aliacha kazi akafungua duka la magodoro. Lakini kushinda ni kushinda.

Jina la Kipimo alipewa kwa sababu hakuwa nacho. Akitaka kujua kama waya una umeme, aliugusa kwa mgongo wa kidole. Akiruka, unao. Asiporuka, hauna.

Jumanne hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, alifika getini kwa Mama Mwenye Nyumba na mota mpya begani, ndani ya boksi lake. Mlinzi alimwandika kwenye daftari la wageni. Mstari wa juu yake ulikuwa umeshaandikwa: Marehemu, saa mbili kamili.

"Ameshafika?" Fundi aliuliza.

"Yule hachelewi," mlinzi alisema. "Alikuwa akichelewa enzi za uhai wake."

Marehemu alikuwa shemeji yake Fundi, mume wa dada yake mkubwa. Alikuwa msafisha bwawa. Alifia humo humo bwawani, akazikwa Alhamisi, na Jumatatu akarudi kazini. Sasa ilikuwa wiki ya kumi na moja. Alitembea chini ya maji toka kona hadi kona na neti yake ya kuzolea majani, bila haraka, kama mtu anayefagia sebule. Mama Mwenye Nyumba alilalamika mara moja tu, kwa ajili ya nyayo zenye maji juu ya vigae, na mlinzi akatandika mkeka wa plastiki. Baada ya hapo mambo yakaendelea. Kona za bwawa hazikuwahi kuwa safi vile.

Dada alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na ua wa michongoma, na shati kavu mapajani. Kila siku alileta shati kavu. Kila siku mumewe alitoka majini, akalivaa ili kumridhisha, na kabla hajafunga kifungo cha tatu lilikuwa linachuruzika.

"Shem," Marehemu alisema, akiweka viwiko kwenye ukingo wa bwawa. "Umeleta mota kubwa."

"Nguvu za farasi moja na nusu. Ile ya zamani ilikuwa robo tatu. Mama anataka maporomoko pale ukutani, wageni wake wanakuja saa kumi."

"Maporomoko! Basi majani yatanikimbia." Alicheka, na maji yakamtoka puani. Halafu akauliza lile alilouliza kila siku. "Hujanijulia bado aliyeniua?"

"Ni moyo, shem. Nilishakwambia."

"Moyo hauna vidole. Nilishika ngazi ili nitoke, nayo ngazi ikanishika. Sina ugomvi na mtu. Nataka kujua tu ni nani, nikalale."

Alikuwa ameshamuuliza mlinzi, ameshamuuliza Mama Mwenye Nyumba, amemuuliza hata daktari aliyekuja kuogelea siku moja na mkewe. Wote walisema moyo. Aliyeanza kusema moyo alikuwa Fundi Kipimo, siku ya mazishi, mkono wake ukiwa begani mwa dada yake. Na tangu hapo alilisema kila jioni akila chakula cha dada huyo huyo, aliyemlea toka mama yao alipofariki, akamfunga kamba za viatu, akamfundisha kusoma saa. Nyumba nyingine ya kwenda kula hakuwa nayo, na dada mwingine hakuwa naye. Kwa hiyo moyo ukabaki moyo.

Fundi alijua kilichomshika shemeji yake. Alipoifunga mota ile ya kwanza, ilitakiwa apitishe nyaya tatu kwenye bomba lililozikwa chini ya vigae: mbili za kuleta umeme na kuurudisha, na wa tatu wa kijani, wa usalama. Bomba lilikuwa jembamba kama koo la kuku. Alizipaka sabuni, akavuta. Mbili zikapita. Wa tatu ukagoma nusu ya njia, na jua lilikuwa kali, na tumbo lilikuwa linamwita. Akauchomoa, akaukata, akaacha kipande tu mdomoni mwa bomba. Ukipitisha mbili mota inazunguka vilevile. Hilo ndilo baya la waya wa kijani: ukikosekana hakuna anayejua, mpaka siku atakapojua mmoja.

Alimkuta Mama Mwenye Nyumba barazani, akipaka rangi kucha za miguu.

"Mama, hii mota inakula umeme zaidi. Inataka nyaya nene na bomba pana. Itabidi tuvunje vigae."

"Vigae vipi?"

"Hivi. Safu moja tu."

"Fundi, vigae hivi vilikuja na meli, na kiwanda chake kimeshafungwa. Ungeniomba uning'oe meno ningekuelewa."

"Kuna waya wa usalama, mama."

"Si ulisema uliuweka mara ya kwanza?"

Dada alikuwa ameinua kichwa pale kwenye ndoo yake. Fundi alimwona.

"Niliuweka."

"Basi tumia huo huo. Waya hauchakai kama soli."

Akarudi kwenye kidole gumba.

Fundi alifanya kazi vizuri, hilo asinyimwe. Alizima umeme kwenye boksi la ukutani, akafungua mota ya zamani, iliyokuwa imeota kutu tumboni, akafuta kiti chake, akaweka raba mpya ili maji yasipenye. Alizivuta zile nyaya mbili za zamani, na nyuma yake zikafuata mbili mpya nene, zikilia kwa sabuni. Akakaza skrubu moja moja. Mdomoni mwa bomba kichwa cha waya wa kijani kilikuwa bado kimechungulia, kama alivyokiacha. Alikisafisha kwa kisu, akakifunga kwenye skrubu yake ya kijani. Ukitazama kwa haraka, kazi ilikuwa imekamilika.

Aliwasha. Mota ikanguruma, mabomba yakakohoa, na maji yakaanza kumwagika ukutani, mapana kama shuka. Mama Mwenye Nyumba alipiga makofi barazani kwa uangalifu, asiharibu rangi.

"Mwambie Marehemu aongeze kasi, wageni wasikute majani!"

Dada alikuja taratibu, shati mkononi, akachuchumaa karibu na mota ambayo bado haikuwa na mfuniko.

"Mdogo wangu, huo waya wa usalama kazi yake nini?"

Swali la kazi halikuwahi kumpita Fundi Kipimo bila jibu. "Umeme ukivuja kwenye mota, waya huo unaupeleka ardhini. Usipokuwepo, umeme unatafuta njia nyingine. Unaingia kwenye maji, kwenye chuma chochote, unamshika mtu."

Alipotambua alichosema, neno lilikuwa limeshatoka.

Neti ilisimama majini. Marehemu alipanda ngazi, akapita kwenye mkeka wake, akasimama nyuma ya mkewe akichuruzika.

"Na siku ile ulikuwepo?" Dada aliuliza.

"Ulikuwepo, dada. Si huu hapa? Unauona kwa macho yako."

Marehemu aliinama kuutazama.

"Usiguse, shem, umeme umewaka!"

"Utanifanya nini?"

Aliushika waya wa kijani pale ulipoingia kwenye bomba, kwa vidole vyake vilivyojikunja kama vya mtu aliyefua kutwa, akauvuta kidogo. Haukukaza. Ulitoka wote kama uzi wa shati kuukuu, mrefu wa shibiri moja, ukaning'inia kwenye skrubu.

Maporomoko yaliendelea. Marehemu alimtazama shemeji yake bila hasira, jinsi mtu anavyomtazama aliyekuwa akimtafuta sokoni na kumbe yuko meza ya pili.

"Umekatika," Fundi Kipimo alisema. "Umekatika sasa hivi. Shem amevuta kwa nguvu, nimemwona."

Dada aliukamata ule mwisho wa waya, akaugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa umevikwa utepe mweusi, mizunguko minne iliyobanwa sawasawa, na utepe ulikuwa umepauka na kushika vumbi la miezi.

"Umekatika sasa hivi," alisema, "halafu ukajifunga utepe?"