Simu Tano pale Mpemba

Ipyana alikuwa amelala chali, kichwa chini ya dashibodi ya gari lake la Noah, miguu ikining'inia nje ya mlango wa dereva, akivuta waya mwembamba mweusi kwa ncha ya plaizi. Waya ulikuja kidogo, ukakwama. Hakuulazimisha. Alipapasa nyuma ya kasha la fyuzi hadi akakuta uliponasa, akaunasua kwa kidole, ndipo akavuta tena.

Hakuwahi kusomea ufundi. Alikuwa mtunza stoo kwenye kinu cha mahindi hapa Tunduma, na umeme alijifundisha mwenyewe tangu ujana kwa kufungua redio mbovu na kuchora kila waya kwenye daftari kabla hajaugusa. Daftari la leo lilikuwa wazi juu ya kiti cha abiria. Njano, umeme wa kudumu. Nyekundu, unakuja ukiwasha swichi. Nyeusi, bodi ya gari. Skrubu saba za redio zilikuwa kwenye kifuniko cha ndoo, zimepangwa kama zilivyotoka. Pembeni yake kulikuwa na hendisfrii ya gari, ya kuongea na simu bila kuishika, aliyoinunua Nakonde ng'ambo ya mpaka, yenye spika yake na maikrofoni ndogo kama punje ya harage, ya kubandikwa juu ya kioo cha mbele.

"Kaka, gari linaumwa au umeamua kulichinja?"

Alikuwa Clever, jirani yake, dereva wa lori, amesimama na taulo shingoni.

"Naliwekea hendisfrii."

"Mafundi wamejaa pale stendi, dakika ishirini wamemaliza. Wewe tangu asubuhi unalipapasa kama mkunga."

"Fundi wa dakika ishirini anakata waya asioujua."

"Sawa, daktari. Lakini ukibakiwa na skrubu usiniite. Mimi zikibaki natupa, ndiyo maana lori langu jepesi."

Ipyana akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Clever naye aliona. Alivuta taulo shingoni, akasema kwa sauti ya chini, "Kesho ndiyo arobaini ya mzee, sivyo? Wapelekee salamu zangu huko Ileje," akaondoka.

Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa wazi. Kutoka mle ndani Ipyana alisikia zipu ya begi ikifungwa, ikakwama, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mke wake, Ferista, alikuwa anaondoka jioni hiyo kwenda kwa mama yake Vwawa. Watoto walikwisha kutangulia. Hakusema anakwenda kwa siku ngapi, na Ipyana hakuuliza, kwa sababu jibu alilijua. Ferista angebaki kama yeye Ipyana angesema jambo moja kwa ndugu zake kabla ya arobaini kufika. Siku thelathini na tisa zilikuwa zimepita na hakuwa amelisema.

Jambo lenyewe lilikuwa hili.

Ferista ni Mnyiha, mtoto wa wakulima wa kahawa kule Mbozi. Alipoolewa na Ipyana aliingia katika ukoo wa Kindali ulioshika mila ya ukwe kwa mikono miwili: mkamwana haonani na baba mkwe wake, hamtaji jina, hasemi naye. Wengi siku hizi wameilegeza. Ferista hakuilegeza. Miaka kumi na moja, kila walipokwenda kwa mzee Osward, baba yake Ipyana, alishuka kwenye gari mbali na kupita nyuma ya nyumba, na mzee alikohoa kila alipotoka nje ili mkamwana apate muda wa kujificha. Sauti yake aliijua kwa kikohozi hicho tu. Lakini binti yao Anna alipozaliwa, mzee alituma kuku wawili na kibuyu cha asali, na ujumbe: mwambieni mwenye nyumba ale vizuri. Alimwita hivyo, mwenye nyumba. Ferista naye aliufuma mfuko wa sufu wa kuwekea simu, akautuma kwa mkono wa Anna, na mzee akauvaa shingoni kila siku mpaka ukachakaa. Dada mkubwa wa Ipyana, Tulinagwe, alikuwa akimsifu mbele ya watu: "Mnyiha huyu anatushinda Wandali wenyewe."

Siku ya kifo cha mzee walikuwa wanatoka Vwawa. Walipofika Mpemba wakakuta foleni ya malori haisogei, mvua inanyesha, ukungu umeshuka mpaka kwenye lami. Simu ya Ipyana ilikuwa mapajani mwa Ferista, maana Ipyana akiwa kwenye usukani hashiki simu. Ni sheria aliyojiwekea mwenyewe tangu alipoponea chupuchupu kumgonga mtu wa baiskeli. Simu ikaita.

"Simu ya kwenu," alisema Ferista. Jina la mzee hakuweza kulitaja.

"Iache. Nitampigia tukifika."

Ikaita mara ya pili, na ya tatu. Foleni ikasogea hatua mbili, wakawa sambamba na njia panda ya kwenda Isongole, barabara ile ile ya kwenda kwa mzee, iko mkono wa kushoto, tupu, inang'aa kwa mvua. Simu ikaita mara ya nne. Ferista akaigeuza mkononi.

"Baba Anna, haijawahi kuita hivi. Nipokee?"

Ipyana akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Ilikuwa kama mtu aliyesikia mchungaji anauliza kama anaweza kupiga ngoma.

"Wewe? Utamwambiaje? Acha bwana, utamuua mzee kwa mshtuko."

Ikaita mara ya tano, ikanyamaza.

Mzee Osward alikutwa jioni amekufa, amekaa kizingitini mwa mlango, mgongo kwenye ukuta, simu ikiwa nje ya mfuko wake wa sufu. Moyo, walisema hospitali. Kama angewahiwa angepona? Hakuna aliyejua. Lakini jirani mwenye pikipiki alikuwa nyumba ya tatu, anaranda mbao chini ya paa lililokuwa likipigwa na mvua, na ilitosha mtu mmoja apokee simu ya mzee na kumpigia jirani huyo.

Msibani, Tulinagwe aliishika simu ya baba yake na kuziona zile tano. Aliingia jikoni walimokuwa wanawake, akauliza bila ukali, "Siku hiyo simu ya Ipyana alikuwa nayo nani?"

"Mimi," alisema Ferista.

Kisha akatazama mlangoni. Mlangoni alikuwa amesimama Ipyana, sahani mikononi. Ferista alikuwa ameanza sentensi na kumwachia mwenye nayo aimalizie. Ipyana aliweka sahani chini, akatoka nje, akaanza kuhesabu viti vilivyoazimwa kanisani. Alivihesabu mara tatu. Alipomaliza, neno lilikuwa limekwisha kusambaa kwamba mkamwana alikaa na simu mkononi, mzee akiita, akamwacha afe.

Sasa mlango wa nyumba ulifunguka. Ferista alitoka na begi, akaliweka barazani, akaja na kikombe cha chai.

"Utanipeleka stendi?"

"Nitakupeleka. Nirudishe hizi kwanza."

Ferista aliitazama dashibodi iliyo wazi, nyaya zikining'inia, redio imekaa juu ya kiti cha nyuma kama jino lililong'olewa.

"Umelifungua gari ili nisiondoke?"

"Hapana." Akafikiri. "Sijui, mama Anna. Niliona tu kesho nitaendesha peke yangu mpaka kule, simu ikiita..." Hakumaliza. Kifaa hicho alikuwa amekinunua siku ya kumi baada ya mazishi, kana kwamba baba angepiga tena.

Ferista akazunguka upande wa pili, akalihamishia daftari kwenye dashibodi, akakaa. Alimshikia tochi, akampa soleteipu kabla hajaiomba, akasoma kwenye daftari waya gani unafuata. Walikuwa wamezoeana hivyo. Ipyana aliupitisha waya wa maikrofoni nyuma ya plastiki ya nguzo ya kioo, akaibandika maikrofoni juu, akaigonga plastiki kwa kiganja mpaka ikakaa. Akaenda mbele, akarudisha waya wa betri, akaja kuwasha swichi. Kifaa kikawaka taa ya buluu, na sauti ya mwanamke mgeni ikasema kwa Kiingereza kwamba simu imeungana.

"Kumbe unaweza," alisema Ferista. Alikaribia kutabasamu. "Jaribu sasa. Mpigie mtu."

Ipyana alifungua orodha ya majina. Jina la Baba lilikuwa bado liko pale juu. Alilipita. Kidole kikasimama kwenye Dada. Alimtazama mke wake, na mke wake akaona jina, akashusha tochi mapajani. Ipyana alibonyeza.

Tulinagwe alikuwa mtu wa kuanza kuongea kabla simu haijafika sikioni. Sauti yake ilijaa gari lote.

"Mdogo wangu, nilikuwa nangoja simu yako. Kuni zimepatikana, mchungaji anakuja saa nne. Sasa nisikilize. Kuhusu mkeo, mashangazi wanasema kesho asije kwanza. Mimi sisemi ni mtu mbaya, Mungu anisamehe nikisema hivyo. Lakini nikimfikiria naiona ile simu. Nilimuuliza mwenyewe, akasema 'mimi', basi, hakuongeza hata neno. Mtu akinyamaza namna ile, sisi tufikirie nini? Haya, wewe unasemaje?"

Ferista hakujikunyata wala hakuinamisha uso. Alimtazama mume wake.

Ipyana aliona mikono yake iko kwenye usukani, kama mtu aliye safarini. Akaanza.

"Dada, mke wangu yuko hapa, amekusikia. Siku ile hakumwacha baba. Aliniambia simu inaita, nikamwambia aiache. Mara ya nne aliniomba apokee yeye. Yeye, dada, na mila yote ile, aliniomba apokee. Nikamcheka. Simu zile tano ni zangu. Jikoni nilikuwa mlangoni, nilisikia ulivyomuuliza, nikatoka nikaenda kuhesabu viti. Nimemwacha abebe mzigo wangu siku arobaini. Anisamehe, na nyinyi mnisamehe."

Ferista alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Ipyana?" ilisema spika. "Halo? Upo? Halo, mbona kimya? Mtandao huu nao... Halo?" Simu ikakatika.

Taa ya buluu iliendelea kuwaka.

"Hajasikia," alisema Ferista.

"Hajasikia." Ipyana aliinua uso, akaitazama maikrofoni, kisha nguzo. "Ni waya. Nimeubana na hii plastiki nilipoigonga. Sauti inakuja, haitoki." Mkono wake ulikuwa tayari umekwenda kwenye ukingo wa plastiki, unatafuta pa kuingiza bisibisi.

"Baba Anna. Simu hiyo hapo, mpigie bila kifaa."

Kabla hajajibu, simu ikaita. Dada. Ipyana alizima swichi, kifaa kikazimika, akaiweka simu sikioni. Ferista alifungua mlango wake, akashusha mguu mmoja chini, akasubiri hivyo, nusu ndani nusu nje.

"Ee, dada."

Sauti ya Tulinagwe sasa ilikuwa ndogo, lakini gari lilikuwa kimya, Ferista aliisikia. "Ulikuwa unasema nini? Mimi sikusikia kitu."

Maneno yote alikuwa nayo. Dakika moja iliyopita yalitoka yenyewe, yakiwa yamepangwa vizuri kama zile skrubu. Aliyatafuta sasa akayakuta yamelegea. Aliwaza mashangazi wamekaa na dada yake wanachambua mchele. Aliwaza uso wa dada yake utakavyobadilika.

"Nilikuwa najaribu kifaa cha gari."

"Kifaa gani?"

"Cha kuongelea na simu ukiwa unaendesha."

"Haya. Na mama Anna?"

Ipyana alitazama mbele, kwenye kioo.

"Anakwenda Vwawa kwa watoto."

"Ni vizuri zaidi. Basi, kesho uwahi."

Alipoishusha simu, Ferista alikuwa amekwisha kushuka. Alirudi barazani akachukua begi, akajifunga kanga vizuri kwa ajili ya upepo. Alipita karibu na dirisha la dereva na kusimama.

"Mara ya kwanza ulisema vizuri sana," alisema. Hakusema kwa kejeli. "Nashukuru nimesikia."

"Ngoja nifunge, nikupeleke. Dakika kumi."

"Wewe huna kazi ya dakika kumi, mume wangu." Alimgusa bega kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima kama pasi bado ina moto. "Uwaambie au usiwaambie. Lakini mimi siwezi tena kukaa nakutazama mlangoni."

Alikwenda kwa miguu kuelekea barabara ya lami. Ipyana alimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona ya banda la mchomelea vyuma, na hata alipopotea aliendelea kutazama vumbi la pale alipopita.

Kisha akaichomoa plastiki ya nguzo. Kwa kupapasa alihisi waya umekatika ndani, ganda lake likiwa zima, kosa ambalo macho yasingeliona. Ulihitaji kuungwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na chuma cha kuyeyushia risasi kilikuwa kazini, na mwanga ulikuwa unakwisha. Alilichukua daftari, akaandika chini ya michoro: maikrofoni, kuunga upya, asubuhi. Alikaa na kalamu mkononi. Chini yake akaandika jina la dada yake, akaacha nafasi mbele yake ya maneno aliyokuwa hajayasema.

Aliutoa waya wa betri. Aliufunika mwanya wa redio kwa gazeti vumbi lisiingie, akakiweka kifuniko chenye skrubu saba chini ya kiti, mbali na miguu, akaacha waya wa maikrofoni ukining'inia kwenye kioo, ncha zake mbili hazijagusana ndani ya ganda. Boneti aliishusha taratibu kwa mikono miwili. Ilibidi aanze kazi hiyo saa kumi na mbili kamili asubuhi, kama alitaka kuwahi Ileje.