Karoti za Dada

Watoto wa shule walimbandika jina Bi Mizani, naye hakuona ubaya. Kazi yake ilikuwa kupima mboga za kila sahani kabla mtoto hajala, kisha kupima mabaki, ijulikane nani kala nini. Kazi nyepesi, ungedhani, mpaka ukutane na watoto.

Hesabu za jana zilivurugwa na wasichana wawili wa tumbo moja: mkubwa alimlia mdogo wake karoti zote. Mtaalamu wa lishe aliyemwajiri hakumung'unya maneno.

"Mama, wakirudia leo, kesho usijisumbue kuja."

Bi Mizani alikubali kwa shingo upande, maana naye alikuwa na dada wa namna hiyo. Utotoni, kila mchana, kwenye benchi za shule kama hizi, dada yake alikuwa akimnong'oneza, "Hizo chungu, mdogo wangu. Lete nikusaidie." Kisha anazila bila kukunja uso. Tangu amzike mwaka jana, wema huo ndio uliomliza kuliko yote. Yeye mwenyewe, mpaka mvi zimemjaa kichwani, hajawahi kuonja karoti.

Basi akamketisha mdogo karibu na mizani, mkubwa akapelekwa kule dirishani. Mtoto akazikodolea karoti macho, mdomo kaufunga.

"Mbona huli, mjukuu wangu?"

"Chungu."

"Umezionja?"

"Dada ndiye anazijua."

Bi Mizani alishtuka. Akageuka kumtazama yule mkubwa. Usoni hakuwa na huruma hata chembe. Alizikazia macho zile karoti huku akimeza mate.

Bi Mizani akachota kipande sufuriani, akakitia mdomoni kwa woga. Tamu! Laini, na tamu kweli kweli. Miaka yote hiyo!

"Mjanja we," alisema, na hakuwa akimsema mtoto yeyote. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Mdogo kuona hivyo, naye akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Akachukua kingine. Halafu akapanda juu ya benchi.

"Dada! Kumbe ulikuwa unanidanganya!"

"Sijakudanganya! Za jana zilikuwa chungu!"

"Muongo!"

Wakarushiana maneno huku na huku, ukumbi mzima ukawageukia. Mtaalamu wa lishe akamwashiria Bi Mizani awanyamazishe. Yeye aliwaacha wagombane, akiwaonea wivu.