Maji ya Kwenda Lanzhou

Ramani ya Asia ilikuwa kubwa kuliko meza, na meza ya Mwanamvita si ndogo. Ndiyo anayokatia vitambaa vya mapazia dukani kwake, hapa Voi mjini, mtaa wa nyuma ya soko. Rafiki yake Pauline alikuwa ameibeba ramani hiyo kutoka shuleni Mbololo, anakofundisha jiografia, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na kwa ahadi kwamba itarudi bila doa la chai. Walipoitandaza, China peke yake ilikula nusu ya meza.

"Haya, shoga, tunashuka wapi?" Mwanamvita akauliza, futi ya kitambaa ikiwa shingoni.

Pauline aliweka kidole Guangzhou, chini kabisa, ndege inakotua. Kisha akakipandisha kaskazini, na kaskazini tena, milima baada ya milima, mpaka Lanzhou, mji ambao mto Huang He unapita katikati yake. Mwanamvita akapima kwa futi mahali kidole kilipopita. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa biashara na hapendi kuuziwa bila kulinganisha, akauliza Voi mpaka Nairobi ingekuwa kiasi gani kwa kipimo hicho hicho. Pauline akapiga hesabu, akamwonyesha vidole viwili vilivyobanana.

"Vidole viwili tu?"

"Viwili."

Mwanamvita akaitazama tena ile futi, akaketi kwenye robota la vitambaa na kucheka mpaka mteja aliyekuwa akichagua pazia akaja kuangalia kuna nini. Muda si muda wateja walikuwa wanne, wote wameinamia China, kila mmoja ana ushauri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika hata Kampala.

Safari yenyewe ilikuwa fupi, siku chache za likizo ya Agosti, tena ya watu wenye mfuko mwembamba. Walikuwa wameiwekea akiba tangu mwaka juzi. Hawangelala hoteli za maana. Kutoka Guangzhou wangepanda treni ya polepole, ile ya bei ya chini, yenye vitanda vitatu vitatu vilivyopandana, wakalala humo na kuamka na bado wasifike. Hilo ndilo lililomfurahisha Pauline kuliko yote: kulala, kuamka, kunywa chai, na nchi bado ni ile ile.

Kuna atakayeuliza mwalimu wa Mbololo ana haja gani na mto wa China. Haja yake ilianzia darasani. Alikuwa akifundisha habari za Huang He, maji yake ya manjano, udongo wake na mafuriko yake, kama anavyofundisha kila mwaka, na msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani uliyaona hayo maji, ama ni story tu?" Darasa likacheka. Pauline naye akacheka, lakini swali lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Mwanamvita kwa upande wake alikuwa na shida moja tu, chakula cha halali, na aliposikia kwamba Lanzhou kuna Waislamu tele, na kwamba mji mzima unajivunia tambi za nyama ya ng'ombe zinazovutwa kwa mkono, alikata kauli pale pale. Mumewe Miraj alikubali kwa sharti aletewe blanketi.

Tiketi za ndege za bei nafuu zilikuwa zinafungwa Jumapili jioni. Siku hiyo ya ramani ilikuwa Ijumaa.

"Tulipe sasa hivi," Mwanamvita akasema, simu mkononi. "Tunangoja nini?"

"Mama," Pauline akajibu.

Usimcheke mwalimu mwenye digrii. Kwao Wusi, juu kwenye milima ya Taita, kuna jambo liitwalo kutasa, na hata watu wa kanisa, ambao mchungaji wao hulikunjia uso, hawaliachi inapofika safari ya kweli. Mtu wa karibu nawe hutaja lililomo moyoni mwake, akapiga funda la maji na kuyapuliza nje, na uchungu wowote aliokuwa nao kwako unatoka na maji hayo. Usipotoka, utakusindikiza njiani, na uchungu si mwenzi mzuri wa safari. Ben, mdogo wake Pauline, alipokwenda Doha kutafuta kazi alipulizwa mpaka tai ikalowa, na mpaka leo yuko huko, mzima. Pauline hangelipa hata senti kabla ya mama yake kupuliza maji. Na kilichomtia baridi ni kwamba mama yake hakuwa ameambiwa na yeye. Alikuwa ameambiwa na mwanamke anayeteremsha ndizi Voi, ambaye aliambiwa na Mwanamvita, ambaye siri kwake ni kitu cha kumgawia kila mtu kidogo kidogo.

"Sikumwambia kwa ubaya," Mwanamvita akajitetea. "Nilikuwa na furaha."

Jumamosi asubuhi wakachukua gari la Fuad, mdogo wake Mwanamvita, Probox kuukuu, wakapanda milima. Pauline alikuwa amenunua sukari, majani ya chai na leso nzuri, na njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya majibu. Akiuliza kuhusu magonjwa, atamjibu hivi. Akiuliza kuhusu pesa, vile. Akisema wanawake wawili peke yao nchi ya watu, basi Mwanamvita aingilie na tambi za halali. Mwanamvita alikubali kila kitu, akaongeza sauti ya redio na kuimba.

Mama Pauline aliwapokea uani, mikono ina udongo wa shambani. Ni mwanamke mfupi, mwenye mgongo ulionyooka, ambaye mume wake alifariki kitambo na tangu hapo analima ngazi za shamba lake la kabichi na makadamia bila kumwomba mtu msaada wala kumsifu anayemsaidia. Aliwakaribisha ndani, akawapakulia kimanga cha muhogo uliopondwa chenye maharagwe mengi, akaketi na kuwatazama wakila. Hakusema neno juu ya China mpaka sahani zikawa tupu.

"Huko kuna baridi?" akauliza.

Pauline alikuwa tayari. "Agosti ni joto, mama. Usijali."

"Hiyo treni, kitanda cha juu mtu anapanda na nini?"

"Kuna ngazi ndogo ndogo. Ni salama kabisa."

"Na dirisha linafunguka, ama mtu anaangalia tu kwa kioo?"

Pauline akamtupia Mwanamvita jicho. Hili hakuwa amelifanyia mazoezi. "Sijui kama linafunguka. Lakini ni kubwa."

Mama yake akaguna. Akauliza kama udongo wa kule ni mwekundu kama wa hapa, na watu wanalima milimani ama wanalima chini. Pauline alijibu yote kwa upole wa mtu anayejitetea mbele ya hakimu, jasho likimtoka. Mwishowe akakusanya ujasiri, akapiga magoti kama inavyotakiwa, na kusema walichokuja kusema: kwamba anataka kwenda, na kama mama ana lolote moyoni, alitoe.

Mama Pauline akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji. Mwanamvita akasogea pembeni kwa heshima, akaanza dua yake mwenyewe ya safari kimyakimya, maana hakuona sababu ya kuacha upande wowote wazi.

"Sina neno," mama akasema. "Nendeni salama, mrudi salama."

Akapiga funda. Mashavu yakajaa. Pauline alifumba macho, akangoja manyunyu usoni kwa furaha, maana alikwisha kujiona ukingoni mwa mto. Akangoja. Hakikuja kitu. Alipofumbua macho alimwona mama yake bado amesimama, mashavu yamejaa, macho yako kwenye mlango. Kisha koo likapanda na kushuka, na maji yakaenda tumboni.

Ameyameza. Mwanamvita hakuwa mtu wa milima, lakini alielewa vilevile, na dua ikamkatikia njiani.

"Mama," Pauline akasema, na sauti haikuwa ya mwalimu tena. "Ni nini?"

"Nilifikiri sina neno. Kumbe ninalo."

"Ni kwa sababu uliambiwa na yule wa ndizi?"

"Hapana."

"Ni pesa?"

"Pesa ni yako."

Mama yake akaketi, kikombe mapajani. Alipoanza kusema aliongea polepole, kama mtu anayepanga maneno kwa mara ya kwanza na hajui yatakaa vipi.

"Ben aliondoka, nikapuliza maji. Dada zangu waliondoka kwenda Mombasa, nikapuliza maji. Wewe ulienda chuo, nikapuliza maji. Hapa nyumbani mimi ndiye wa kupuliza. Mnakuja kuniambia mnakwenda wapi, na mkirudi mnakuja kuniambia mlifika wapi. Hakuna siku mtu aliingia kwa huu mlango akaniuliza, na wewe, unataka kuona nini?"

Pauline alihisi aibu ikimpanda usoni, kwa sababu ile habari ya kitanda na dirisha na udongo ilikuwa imemrudia yote kwa pamoja, na sasa alijua ilikuwa nini.

"Paspoti ninayo," mama akaendelea, akiangalia kikombe. "Ben alinifanyia wakati aliposema atanipeleka Doha. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Pesa anayotuma iko kwa simu, inaninunulia nini? Kabichi? Ninazo."

Mwanamvita ndiye aliyeshindwa kujizuia. Aliruka kutoka kwenye kiti. "Mama, vitanda vya treni ni vitatu vitatu. Wallahi vitatu. Sisi tulikuwa tunaogopa huyo mgeni wa tatu atakuwa nani, kama anakoroma."

"Ninakoroma," mama akasema.

"Basi tutakoroma sote."

Mama Pauline akacheka, kicheko kidogo kilichomshtua mwenyewe. Akapiga funda jingine, na safari hii hakuchelewa. Maji yalimpata Pauline usoni, shingoni, mpaka kwenye blauzi, na mengine yakamfikia Mwanamvita aliyekuwa karibu. Furaha ikajaa mle ndani. Mwanamvita alikwisha kutoka nje, kule uani, kutafuta mtandao ili alipe, akisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani kwamba Lanzhou sasa haina pa kukimbilia.

"Ngoja," mama akamwambia Pauline. "Na mimi ninasafiri. Nani atanipulizia mimi?"

Hakukuwa na mwingine. Pauline akachukua kikombe, mama yake akapiga magoti mbele yake, magoti yakilia kwa uzee, na Pauline akaona vibaya kumwona hivyo.

"Sina neno, mama," akasema. Akapiga funda.

Na hapo, maji yakiwa mdomoni, akalisikia. Lilikuwa dogo na la kijinga, lakini lilikuwepo. Alijaribu kulipita, akashindwa. Akameza.

Mama yake hakuinuka. "Liseme."

"Naona aibu."

"Mimi nimesema langu."

Pauline akapangusa mdomo. "Tangu mwaka juzi ninaiota hii safari, mama. Huko hakuna mwanafunzi wangu, hakuna mzazi wa mwanafunzi, hakuna anayenijua. Nilitaka siku chache nisiwe mwalimu wala mtoto wa mtu. Sasa nitakuwa nauliza umekula, umelala, umevaa sweta. Na wewe utakuwa unaniambia nisikae dirishani." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nataka uje. Kweli nataka. Lakini hilo limeniuma, na siwezi kupuliza kama sijalisema."

Alidhani atamwona mama yake akivunjika moyo. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe.

"Na mimi unafikiri nataka nini?" akasema. "Tangu uzaliwe mimi ni Mama Pauline. Kanisani Mama Pauline. Kwa chama cha akina mama, Mama Pauline. Hata daktari ananiita hivyo. Nakupenda, lakini jina langu nimelisahau vile linasikika. Huko China hakuna anayemjua Pauline. Tukifika, usiniite mama. Usiniulize nimekula. Mimi nina jina."

Pauline akachukua maji na kuyapuliza, yote, kwa nguvu ambayo hakujua anayo, na mama yake akaangua kicheko huku yakimtiririka usoni na kuingia kwenye ile leso mpya aliyoletewa, ambayo alikwisha kujifunga.

Uani Mwanamvita alikuwa amepata mtandao karibu na mti wa makadamia, mkono mmoja umeinua simu juu. "Nishaweka jina langu, na lako nishaweka," akapaza sauti. "Huyu abiria wa tatu namwandikaje? Miaka yote namwita Mama Pauline, jina lake hasa silijui."

Pauline akasimama mlangoni. Katika maisha yake yote hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe, na ulimi ulikuwa mzito.

"Wakesho," akasema.

Na nyuma yake, upesi, kabla hajageuka, sauti kama ya msichana ikaitika, "Abee."